Mutukula hadi Kampala: barabara aliyopita babu

Watu wameniuliza maswali matatu tangu nirudi. Kwa nini Uganda, kwa nini kwa barabara, na kwa nini peke yako? La mwisho ndilo rahisi. Mkisafiri wawili mnajifungia katika Kiswahili chenu, mnacheka utani wenu wa Dar, mnarudi na picha. Ukiwa peke yako huna wa kusema naye, kwa hiyo unalazimika kusema na watu. Hata kuuliza choo kiko wapi kunaweza kukupatia rafiki.

Hayo mengine mawili yana jibu moja. Barabara inayotoka Bukoba, ikavuka mto Kagera pale Kyaka, ikapita Mutukula na kwenda Masaka mpaka Kampala, ina historia ambayo sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini tunaijua nusu. Tunajua Idi Amin alivamia. Tunajua alipigwa. Tunajua Mwalimu aliwaambia wazee wa Dar es Salaam, Novemba 2, 1978, kwamba sababu ya kumpiga ipo, uwezo upo na nia ipo. Baada ya hapo masomo yetu ya shule yanakimbia kama basi la usiku: majeshi yakavuka mpaka, Kampala ikaanguka, mtihani. Kumbe kutoka Mutukula mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na vita ilichukua karibu miezi mitatu kuimaliza njia hiyo. Katikati humo wanaishi watu, na vita ilipita sebuleni kwao.

Babu yangu mzaa mama aliipita kwa miguu. Alikuwa mgambo, mmoja wa maelfu waliotolewa vijijini wakapewa buti na bunduki. Alikuwa na hadithi tatu tu za vita: mvua, buti zilizombana, na matoke. Ya matoke ndiyo aliyoipenda. Waganda waliwapikia, alisema, wanawake walitoka mashambani na vikapu vichwani wakiwaita wakombozi, na yeye tangu siku hiyo hakuwahi kusema neno baya juu ya ndizi za kupikwa. Ukimuuliza kingine, anaomba redio. Amefariki mimi nikiwa sekondari, kabla sijajua maswali ya maana ya kumuuliza.

Sasa tupitie haraka yale tunayoyajua, ili tufike kwenye tusiyoyajua. Januari 25, 1971 Amin alimpindua Obote, Obote akakimbilia Tanzania, Mwalimu akakataa kumtambua Amin. Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda walijaribu kurudi na bunduki kupitia Masaka na Mbarara, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikatupa mabomu Bukoba na Mwanza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda, zaidi ya kilomita za mraba 1,800. Wakalilipua daraja la Kyaka. Raia wapatao 1,500 waliuawa. Ng'ombe, magari na vyombo vya ndani vikabebwa kuvuka mpaka.

Jeshi letu wakati huo lilikuwa na askari wapatao 40,000. Wakaitwa mgambo, polisi, magereza, vijana wa JKT, na katika muda wa wiki chache idadi ikapita 100,000. Mabasi na malori, ya serikali na ya watu binafsi, yakachukuliwa kuwapeleka magharibi. Ndipo babu alipopata safari yake ya kwanza nje ya mkoa.

Mutukula leo ukifika unaona jengo kubwa la pamoja la uhamiaji na forodha, lile ambalo marais Magufuli na Museveni walilizindua Novemba 2017. Foleni ya malori, wabadilisha pesa na vibunda vyao mkononi, wauza kadi za simu. Hakuna hata kipande cha ukuta cha kukuonyesha kilichotokea hapo Januari 1979. Sababu yake ni kwamba hakikubaki kitu. JWTZ walipoiteka Mutukula, tarehe 21 kuamkia 22 Januari, walikuwa wametoka kuona Kyaka, wameona maiti za wanavijiji wenzao. Waliusawazisha mji kwa matingatinga, na raia waliuawa. Habari zilipomfikia Mwalimu zilimshtua, akatoa amri kwamba kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe. Aliyekuja kuongoza divisheni iliyosonga mbele, David Musuguri, alibaki na jina la utani la Jenerali Mutukula mpaka alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Sisi tulilitamka jina hilo kwa fahari. Nilikuwa nimesimama pale mpakani nikajiuliza mtu wa upande ule analisikiaje.

Wakati najiuliza hayo, basi langu liliondoka. Si utani! Konda alikuwa ametuambia nusu saa ya kugonga mihuri, mimi nikatoka dirishani baada ya dakika ishirini, basi halipo na begi langu limo ndani. Nina pasipoti, simu yenye chaji ya kubahatisha, na shilingi za Tanzania ambazo sijazibadilisha.

Kijana mmoja wa bodaboda akaniona ninavyozunguka. Hakujua Kiswahili zaidi ya "twende" na "pesa", Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini alielewa neno "bag" upesi kuliko konda wangu alivyoelewa neno "subiri". Akapiga simu Kyotera. Binamu yake naye anaendesha boda pale stendi. Wakazungumza Kiluganda kwa kasi, akaniuliza rangi ya begi, akaniuliza rangi ya basi. Kisha akanipeleka kwenye taksi (taksi ya Uganda ni hiace kama daladala zetu, usije ukadhani nilikodi gari), akamweleza dereva kisa changu, na mama mmoja aliyekaa nyuma na gunia la dagaa akamwambia konda atanilipia yeye. Nilipojaribu kumpa noti yangu ya elfu kumi ya Tanzania aliikunja akanirudishia, akasema "mwana wange", mwanangu, na mengine sikuyaelewa. Abiria wakacheka, na sura zao zilionyesha kwamba hawanicheki kwa ubaya.

Kyotera begi langu lilikuwa limekaa chini ya meza ya dada anayekaanga chapati, limefunikwa kanga lisiingie unga. Binamu alikuwa amelisimamisha basi katikati ya barabara akalishusha. Nilimtafuta nimpe kitu, nikaambiwa ameshapata abiria, ameondoka. Mpaka leo sijui sura yake.

Kutoka Kyotera nilichepuka kwenda Kasensero, ziwani. Wengine watasema hiyo siyo barabara ya vita, nami nawaambia mto ni uleule. Kagera hii inayotupa jina la mkoa na jina la vita inamwaga maji yake Ziwa Viktoria upande wa Uganda, jirani na Kasensero. Ni kijiji cha wavuvi, na kimeonewa sana na historia. Hapo ndipo mwaka 1982 walipoonekana wagonjwa wa kwanza wa ule ugonjwa ambao Waganda waliuita "slim", na ng'ambo ya mpaka, kwetu Kagera, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa magendo. Kila upande ulimsema mwenzake ndiye aliyeuleta. Vita ilikuwa imepita hapohapo miaka mitatu kabla, kwa hiyo lawama hazikukosa pa kushika.

Lakini kilichonipeleka ni mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, miili ilitupwa mitoni, ikaja na Kagera mpaka ziwani, na mawimbi yakaisogeza kwenye fukwe za Uganda. Wavuvi ndio waliokutana nayo kwanza. Watu waliacha kula samaki, soko likafa, na kijiji kinachoishi kwa samaki kinaelewa maana yake. Hata hivyo wakaitoa miili majini, wakaizika. Katika maeneo matatu, Kasensero, Lambu na Ggolo, wamelala watu zaidi ya 10,000. Makaburi sasa yamejengwa vizuri na yana maua. Hakuna aliyejua jina la hata mmoja, kabila hawakuuliza, nchi hawakuuliza. Mzee aliyenifungulia geti alikuwa anajibu maswali yangu kwa neno moja moja, na nilipomuuliza kama yeye alikuwepo mwaka ule, akatazama mikono yake, akasema, "Eee." Nikaacha kuuliza. Kazi ya uandishi inatufundisha kuuliza swali la pili, lakini kuna siku swali la pili ni ukatili.

Basi bwana, tufike Masaka, maana hapo ndipo safari yangu ilipokaa.

Masaka imekuwa jiji tangu Julai 2020, ina maghorofa, ina benki, ina pikipiki kama nzige. Februari 24, 1979 JWTZ waliiteka baada ya kuipiga kwa mizinga. Askari wa Amin walikuwa wamekimbia, na raia wengi nao walikuwa wameingia mashambani. Mji ulipokuwa mtupu, yakaja malipizi. Majengo yalitegwa baruti yakaangushwa moja baada ya jingine, kwa ajili ya Kagera. Mbarara siku iliyofuata ilipata hivyohivyo. Amri ya Mwalimu ilihusu raia na mali zao, na kwa kadiri ninavyoelewa, raia walinusurika kwa sehemu kubwa lakini mali hazikunusurika. Kwa miaka mingi baadaye Masaka ilijulikana kwa magofu yake, kuta zilizosimama bila paa na miti ikiota ndani.

Hili hatukufundishwa. Mimi nina shahada, nimesoma historia mpaka kidato cha sita, na sikuwahi kuona sentensi moja darasani inayosema sisi tuliibomoa Masaka. Nimekuja kuisoma mwenyewe baada ya kuanza kazi. Haipunguzi haki ya vita ile. Amin alikuwa muuaji, alituvamia yeye, na Waganda wenyewe walishangilia kuanguka kwake. Ila kama tunajivunia kufika Kampala, tuwe na uso wa kutazama njia tuliyopita.

Nilikuwa natafuta gofu lolote lililobaki nipige picha. Nikaingia duka la vifaa vya shule kuuliza. Mwenye duka akamwita mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi, mwalimu mstaafu, akamwambia kuna mgeni. Mzee akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Wewe iko Tanzania?" Nikamwamkia shikamoo. Akacheka kwa furaha kama mtu aliyeona kitu alichokipoteza, akajibu "Marahaba!" kwa sauti ya kikosi kizima. Alikuwa hajaamkiwa hivyo, alisema, tangu wakombozi waondoke.

Mwaka 1979 alikuwa na miaka 14. Baba yake alikuwa na duka mjini, la sukari, chumvi, mafuta ya taa, enzi ambazo bidhaa zilikuwa shida nchi nzima tangu Amin awafukuze Waasia mwaka 1972. Mizinga ilipoanza kusikika familia ikakimbilia kijijini kwa bibi yake. Baada ya siku chache Watanzania wakafika kijijini. Yeye na wenzake wakawa wanawachotea maji, wakipewa biskuti ngumu za jeshi. Kiswahili chake chote amekipata pale, katika wiki zile, na kinasikika hivyo: nusu ni amri. "Walikuwa watu wazuri sana," aliniambia. "Walilipua duka la baba." Sentensi hizo mbili alizisema moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile, wala hakuweka "lakini" katikati.

Nikamwambia babu yangu alikuwa humo. Nilimwambia kwa sababu isingekuwa haki kukaa kwenye benchi lake nikiwa mgeni tu wa kawaida. Akaniuliza brigedi gani. Sijui, nikamjibu, familia nzima hatujui. Akatikisa kichwa, kama mwalimu anayesikitikia mwanafunzi mwenye akili asiye na daftari, akainuka, akasema twende nyumbani tukale.

Nililala kwake siku mbili. Mkewe alinipikia matoke yaliyofungwa kwenye majani, na mchuzi wa karanga, na kila nikisema nimeshiba anaongeza kijiko. Jioni ya kwanza nilimuuliza mzee moja kwa moja kama wana hasira na sisi. Akaniuliza kama nimeshiba. Jioni ya pili alijibu mwenyewe bila kuulizwa, na jibu lake halikuhusu duka.

Hasira, alisema, ilikuja baadaye. Wakombozi walikaa muda mrefu mno. Kampala ilianguka Aprili 11, Yusuf Lule akaapishwa Aprili 13, akakaa siku 68 tu, akaja Binaisa, naye akaondolewa, na Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote huku jeshi la Tanzania likiwa bado lipo nchini. Waganda wengi, hasa Baganda, waliamini kwamba Nyerere alikuwa amemrudisha rafiki yake. Askari wasiokuwa na vita ya kupigana nao wakaanza mambo ya askari: kunywa, kunyang'anya saa, kujitafutia. Walipoondoka mwaka 1981 nchi iliingia tena vitani, ya msituni safari hii, mpaka Januari 1986. Na jeshi la Obote lilikuwa linatumia lugha gani mitaani? Kiswahili. Mzee akanitajia maneno mawili ambayo kwetu ni ya konda wa daladala: "panda gari". Kwao ni jina la kitu. Askari wanazingira mtaa, wanawakusanya wanaume, wanawaamuru panda gari, na wengine hawarudi. Mpaka leo ukisema panda gari mbele ya mtu wa umri wake anasikia lori.

Kwa hiyo ule uvivu wetu wa kusema Waganda hawataki Kiswahili kwa sababu ya majivuno, tuuache. Ubishi wao ni wa zamani kuliko Amin. Mwaka 1927 gavana Gowers alitaka Kiswahili kiwe lugha ya shule na utawala Uganda, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa maandishi. Wamisionari wengi nao walipinga. Nyuma yake kulikuwa na hofu ya kuunganishwa na Kenya ya walowezi, kwa hiyo lugha ilibeba siasa ya ardhi. Kikabaki Kiswahili cha kambini, cha jeshi na polisi. Mwaka 1973 Amin akakitangaza lugha ya taifa, na hapo sijui nani angeweza kukisaidia. Fikiria lugha yako inatambulishwa nyumbani kwa watu na Idi Amin!

Kutoka Masaka nilipanda taksi kwenda Lukaya. Ukiwa na njaa teremka, wauza nyama za mishikaki na gonja (ndizi tamu za kuchoma) watavamia dirisha kabla gari halijasimama. Mbele ya Lukaya kuna kinamasi cha mto Katonga, barabara inapita juu ya tuta katikati ya mafunjo, kushoto maji, kulia maji. Mei 2023 mafuriko yalilivunja daraja la hapo na magari ya Masaka kwenda Kampala yakazungushwa mbali sana kupitia Sembabule. Machi 1979 jeshi lilikwama palepale kwa sababu ileile: njia ni moja.

Gaddafi alikuwa ameleta askari wake kumwokoa Amin. Machi 10 Walibya na Waganda walishuka kuelekea Lukaya, wakakutana na Brigedi ya 201 ambayo karibu yote ilikuwa mgambo. Roketi zilipoanza kumiminika mgambo wengi walitawanyika gizani. Usiku huo Brigedi ya 208 iliagizwa izunguke kinamasi itokee nyuma ya adui, na alfajiri ya Machi 11, 201 iliyojikusanya upya ikapiga kutoka mbele na 208 kutoka nyuma. Walibya wapatao 200 walikufa, vijana walioambiwa, kwa mujibu wa waliotekwa, vitu tofauti kabisa kuhusu safari yao. Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikusimama tena.

Babu hakuwahi kulitaja neno Lukaya. Nimefikiri sana juu ya hilo nikiwa nimesimama kwenye tuta lile, malori yakinipulizia vumbi. Mgambo, brigedi iliyotawanyika, usiku, mvua. Hadithi yake ya mvua ilikuwa ya usiku. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na sitamtungia babu vita yake.

Kijana aliyekuwa anauza maji pale aliniuliza napiga picha gani ya mafunjo. Nilipomweleza, akasema, "Aaah, saba saba!" Hilo nalo ni neno letu lililohamia huko na maana nyingine. Sisi Saba Saba ni Julai 7, siku ya kuzaliwa TANU mwaka 1954, maonyesho, ice cream. Wao "saba saba" ni mitambo ya roketi ya JWTZ, na mtu anayelia kwa sauti kubwa huku anaweza kuambiwa analia kama saba saba. Sasa UNESCO wameifanya Julai 7 siku ya Kiswahili duniani. Natamani ningekuwepo Masaka siku ya kwanza walipotangaziwa washerehekee.

Ikweta ya Kayabwe nimeipita, nimepiga picha ile ambayo kila mtu amepiga. Kampala nimekaa siku tatu. Sina mengi ya kuwaambia ambayo hamjaona kwenye simu zenu, isipokuwa hili la lugha. Katiba yao ilifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, ikabaki kwenye karatasi. Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Walimu ni wachache, na kazi inakwenda polepole. Lakini kijana wa chuo niliyekaa naye kwenye basi la kurudi, aliyezaliwa miaka mingi baada ya panda gari, alinitoa jasho kutoka Kampala mpaka Mpigi kwa kuuliza ngeli. Kwa nini kitabu kizuri na gari zuri? Kwa nini vyombo vizuri? Nilimweleza nilivyoweza. Kwake Kiswahili ni lugha ya kwenda Dar kununua bidhaa, na ya nyimbo. Bibi yake, aliniambia, akimsikia anakifanyia mazoezi anamwambia afunge mlango.

Nimebakiza jambo moja, na hili ni ombi.

Asubuhi ya kuondoka Masaka yule mwalimu aliniletea kijiko cha mti. Kimechongwa kwa kisu, mpini una michoro ya mistari iliyokatana, kimekuwa cheusi kwa mafuta ya miaka yote hiyo. Kilichongwa na askari wa Kitanzania aliyekaa kwenye uwanja wa bibi yake, Februari mwishoni na Machi mwanzoni 1979. Alikuwa anachonga kila jioni, amewachongea nyumba nzima. Jina lake mzee halijui, wao walikuwa wanamwita Afande tu. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa mrefu, ana kovu kwenye kidevu, na alisema kwao kuna ziwa la chumvi. Kikosi kiliondoka kuelekea Lukaya na hawakumwona tena. Mzee anataka kujua kama alirudi nyumbani.

Nimeanza na wazee wa mgambo ninaowafahamu, na nikipata likizo nitakwenda Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Ziwa la chumvi linaweza kuwa la Singida, linaweza kuwa Eyasi. Kama kwenu kuna baba, babu au mjomba aliyekuwa Masaka wakati huo, na nyumbani kuna vijiko vya mti vyenye mistari iliyokatana kwenye mpini, niandikieni. Picha ya kijiko ninayo.